MDHAMINI ASIYE NA KARATASI



Katika kazi ya Tume yetu tumezoea kupokea watu wanaodaiwa. Wengi huja na notisi ya dalali mkononi, nao huuliza namna ya kuokoa nyumba. Lakini wako wengine ambao swali lao hapo kwanza lilitushangaza. Hao hawaulizi namna ya kujitoa katika deni. Wanauliza namna ya kuthibitisha kwamba zamani, miaka 20 au 30 iliyopita, wao wenyewe au marehemu wao waliingia katika deni la mtu mwingine. Wanatafuta ushahidi kwamba walikuwa wadhamini wa mkopo wa nyumba.

Asiyejua mambo haya aweza kucheka: ni nani anayeitafuta kamba aliyofungwa nayo? Sisi pia tulikaribia kucheka, mpaka tuliposikiliza. Leo tunaandika kwa sababu tumeona kwamba katika mikopo mingi mtu asiyepata faida yoyote, yaani mdhamini, ndiye pia asiyepewa karatasi yoyote. Kwetu hilo ni jambo la haki, wala si jambo dogo la masijala.

1. Habari ya mama mmoja

Mama mmoja mjane alikuja kwetu akiwa na wanawe wawili. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukakubaliana bila ugomvi kwamba nyumba ni ya mama na watoto, na mama akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Ikabaki kazi moja tu: kubadilisha jina katika hati. Lakini hati haikuonekana. Walipekua kabati, wakapekua magodoro, wakauliza kwa ndugu. Mwishowe wakashauriwa kwamba mama aape mbele ya kamishna wa viapo kuwa hati imepotea, jambo litangazwe katika Gazeti la Serikali, kisha aombe hati mpya.

Mama alikuwa tayari kuapa. Kwa bahati njema kijana wake akataka kwanza ufanywe upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Majibu yalikuwa ya kutisha: nyumba hiyo iliwekwa rehani benki mwaka 1986, na rehani haijafutwa. Hati haikupotea. Ilikuwa imewekwa dhamana. Kwa siku chache tu mama huyu mcha Mungu angeapa uongo pasipo kujua.

Sasa likazuka swali la pili. Mumewe hakuwahi kukopa fedha za nyumba. Walijenga kwa mshahara na kwa mahindi ya shamba. Deni hilo ni la nani? Benki iliyoandikwa katika rejista ilikuwa haipo tena. Ofisi iliyorithi shughuli zake ilimjibu kwa adabu kwamba hawana jalada lile, na kwamba anayedai kuwa marehemu alikuwa mdhamini tu, tena wa deni lililokwisha lipwa, alete ushahidi.

Ushahidi ulipatikana ndani ya sanduku la bati, chini ya daftari za andalio la masomo: nakala ya barua iliyopigwa kwa karatasi ya kaboni, ambayo mwalimu aliiandikia benki akikubali kuweka hati yake kwa ajili ya mkopo wa mwalimu mwenzake. Mwenzake huyo alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine na kufariki huko. Binti yake alipofikiwa akatoa stakabadhi zote, pamoja na ile ya mwisho. Deni lilikwisha zamani sana. Aliyekopa alilipa mpaka senti ya mwisho. Alichosahau ni kumrudishia rafiki yake hati. Kuifuta rehani ile kulichukua karibu miaka mitatu.

2. Dhamana ya namna mbili

Ili tuelewane, yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa kudhamini.

Kuna dhamana ya ahadi. Mdhamini anatia sahihi kwamba mkopaji asipolipa, atalipa yeye. Hatoi hati wala kitu. Dhamana ya namna hii haiandikwi katika rejista yoyote ya ardhi. Inakaa katika jalada la benki, na pengine katika jalada la wakili. Jalada likipotea, kilichobaki ni kumbukumbu ya mtu.

Kuna pia dhamana ya mali. Mdhamini anatoa hati ya nyumba au ya kiwanja chake, nayo inawekwa rehani kwa ajili ya deni la mwenzake. Hii, kama ardhi imesajiliwa na utaratibu ulifuatwa, huacha alama kwa Msajili. Atakayefanya upekuzi ataona jina la mkopeshaji na tarehe. Lakini alama hiyo haisemi yote. Pengine haionyeshi ni nani aliyezipokea fedha, wala haisemi kama zimekwisha lipwa.

Sheria ya Mikataba ya nchi yetu inatambua dhamana ya maandishi na hata ya mdomo. Inasema pia kwamba wajibu wa mdhamini ni sawa na wajibu wa mkopaji, isipokuwa mkataba umesema vingine. Maana yake ni nzito: kwa kawaida mkopeshaji halazimiki kummaliza kwanza mkopaji ndipo amfuate mdhamini. Waamini wengi hutia sahihi wakidhani wao ni mashahidi wa tabia njema ya jirani. Kumbe wamekuwa wadaiwa.

Lakini sheria hiyo hiyo inampa mdhamini haki. Akilipa, anaingia mahali pa mkopeshaji na anaweza kumdai aliyemdhamini. Kama wadhamini walikuwa watatu na mmoja amelipa peke yake, wenzake wanapaswa kuchangia kwa usawa. Aidha, benki na mkopaji wakibadili masharti bila ridhaa yake, mdhamini hafungwi na yale yaliyofanyika baada ya mabadiliko hayo. Haki zote hizi zina mlango mmoja, nao ni ushahidi kwamba ulikuwa mdhamini na kwa masharti gani. Aliyelipa bila ushahidi wa dhamana huonekana kama mtu aliyetoa zawadi. Hapo ndipo wale watu tuliowashangaa wanapopata maana: hawaitafuti kamba, wanautafuta ufunguo.

3. Benki hupita, deni hubaki

Wengine watasema: si aende tu benki akaulize? Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo. Tukumbuke historia yetu wenyewe. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili wananchi wapate mikopo ya kujenga, ilifungwa mwaka 1995. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa mwaka 1967 mabenki yalipotaifishwa, iligawanywa mwaka 1997 katika vyombo vitatu, na kimojawapo ndicho kilichobaki na mali na madeni ambayo mabenki mawili mapya hayakuyachukua. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Bunge lilikwisha unda chombo kilichojulikana kwa kifupi LART, kikapewa kazi ya kukusanya madeni mabaya ya mabenki. Vyombo hivyo navyo vikaja vikamaliza muda wao.

Kwa hiyo mtu aliyetia sahihi mwaka 1984 mbele ya meneja aliyemfahamu kwa jina, aweza kukuta kwamba deni lile limepita katika mikono mitatu au minne. Kila mkono ulipokea orodha ya wadaiwa. Je, kila mkono ulipokea pia barua za wadhamini? Tuliyoyaona yanatufanya tuwe na mashaka makubwa.

Wala jambo hili si la wazee peke yao. Baada ya Benki ya Nyumba kufungwa, mikopo ya nyumba ya muda mrefu ilikuwa adimu kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, na kuundwa mwaka 2010 kwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za mikopo hiyo, vimeurudisha mlango wazi. Leo vijana wetu wanakopa kwa miaka 15 au 20, na wajomba zao wanatia sahihi. Wajukuu ndio watakaotafuta karatasi hizo.

4. Ushahidi hutafutwa wapi

Tuseme sasa yale ambayo uzoefu umetufundisha, ili viongozi wa jumuiya waweze kuwaelekeza watu.

Kwanza, nyumbani. Watafute barua ya benki ya kukubali mkopo, nakala ya mkataba, hata bahasha yenye muhuri wa posta. Usichome karatasi za marehemu kabla mirathi haijafungwa.

Pili, kwa Msajili wa Hati na ofisi ya ardhi. Upekuzi ni haki ya mtu yeyote anayelipa ada. Kama kiwanja kilikuwa na barua ya toleo tu, jalada lake katika ofisi ya ardhi laweza kuwa na barua ya benki ndani yake.

Tatu, kwa wakili aliyeandaa au kushuhudia mkataba, au kwa aliyerithi ofisi yake. Nne, kwa mwajiri wa zamani, maana mikopo mingi ya wafanyakazi ilikatwa katika mshahara, na majalada ya watumishi huwa na barua za makato. Tano, mahakamani, kama kuliwahi kuwa na shauri juu ya deni hilo. Sita, kwa wadhamini wenzake na kwa jamaa za aliyekopa. Stakabadhi iliyomwokoa yule mama haikutoka ofisini. Ilitoka kwa yatima mwenzao.

Saba, kwa taasisi yenyewe, na kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma kumjibu mwananchi ndani ya siku 30. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazohifadhiwa, hata na taasisi za binafsi. Msimamizi wa mirathi aambatanishe barua yake ya usimamizi.

Na kama hati yenyewe haipatikani kabisa, mtu asikate tamaa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inapendelea hati yenyewe, lakini inaruhusu nakala, au maelezo ya mtu aliyeiona, pale inapothibitika kwamba hati imepotea, au kwamba iko mikononi mwa upande wa pili ambao umepewa notisi na haukuileta.

5. Tahadhari mbili

Tahadhari ya kwanza ni ya hekima. Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971 inaweka kwa kawaida muda wa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 12 kwa kudai ardhi. Lakini mtu akikiri deni kwa maandishi na sahihi yake kabla ya muda kwisha, hesabu huanza upya. Kwa hiyo barua ya kuomba taarifa isigeuke kuwa barua ya kukiri. Uliza: “Je, mna kumbukumbu ya dhamana hii?” Usiandike: “Nitalipa kinachodaiwa.” Kabla ya kutia sahihi, barua isomwe na wakili au na msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Tahadhari ya pili ni ya dhamiri. Ukweli unaotafutwa waweza kutugeukia. Wako waliokuja kwetu wakitumaini kwamba karatasi haitapatikana, ikapatikana. Kwa hao tumesema waziwazi kwamba Tume ya Haki na Amani haiwezi kumsaidia mtu kuficha sahihi yake. Anayedai ndiye athibitishe, na hilo linamhusu mkopeshaji kama linavyotuhusu sisi. Lakini akithibitisha, dawa ya deni ni kulipa, au kukaa pamoja na kupatana namna ya kulipa.

6. “Kuandikiana ni kutoaminiana”

Hoja hii tunaisikia sana, hasa kwa wazee wetu. Ndugu kwa ndugu wataandikianaje? Tunaiheshimu, kwa sababu imetoka katika ulimwengu ambamo neno la mtu lilitosha. Lakini tumrudie Tobiti. Mzee yule, akiwa maskini na kipofu, alikumbuka talanta 10 za fedha alizoziweka kwa Gabaeli huko Rage katika nchi ya Media, miaka 20 iliyopita. Alipomtuma mwanawe Tobia, kijana aliuliza swali la kila mrithi: mtu huyo hanijui wala mimi simjui, nimpe ishara gani ili aniamini? Baba akamweleza kwamba waliandikiana hati, wakaigawa vipande viwili, kila mmoja akachukua chake.

Tobiti hakumshuku Gabaeli, na Gabaeli hakumshuku Tobiti. Mifuko ilitolewa na mihuri yake haijaguswa. Karatasi ile haikuandikwa kwa ajili yao wawili. Iliandikwa kwa ajili ya kijana atakayekuja siku moja, asiyejulikana kwa sura. Na tuone jambo hili: kila upande ulikuwa na kipande chake. Hakuna aliyeachwa mikono mitupu. Wahenga wetu nao walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Msimamo wetu

Kutokana na hayo yote tunasema yafuatayo.

Kwa wakopeshaji, wakiwemo wa vyama vya ushirika vya akiba na mikopo ambamo wengi wetu ni wanachama: mdhamini apewe nakala iliyotiwa sahihi siku ile ile anayotia sahihi yake, na apewe barua ya kumfungua siku deni linapokwisha. Tumeambiwa kwamba mdhamini si mteja na kwamba nakala ni gharama. Tunajibu kwamba mtu ambaye nyumba yake yaweza kupigwa mnada hawezi kuwa mgeni katika jalada hilo. Na gharama ya karatasi tatu ni ndogo kuliko miaka mitatu ya mjane mlangoni pa ofisi.

Kwa wakopaji: aliyemaliza kulipa bila kumrudishia mdhamini wake hati amemaliza nusu ya deni. Nenda na mdhamini wako benki, mtoke na hati, mpite kwa Msajili rehani ifutwe. Yoshua bin Sira anatuonya tusiusahau wema wa mdhamini, kwa kuwa alijitoa kwa ajili yetu.

Kwa wadhamini: msitie sahihi msichosoma, na mwambieni mwenzi wenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mwanamume anayeificha dhamana kwa mkewe hamlindi na wasiwasi. Anamwachia wasiwasi huo aubebe peke yake siku ya matanga.

Kwa viongozi wa jumuiya na wa parokia: msimhimize mtu kudhamini kwa sababu tu mkopaji ni mwanakwaya au ni ndugu katika imani. Mnapoandaa waamini juu ya wosia, ongezeni swali moja: “Je, umemdhamini mtu?” Jibu liandikwe, litajwe ni wapi karatasi zilipo, na watu wawili wa familia wajue.

Hatusemi watu waache kudhaminiana. Maskini hana dhamana nyingine zaidi ya watu wanaomwamini, na siku sahihi hizo zitakapokoma, nyumba nyingi zitabaki misingi. Mwalimu yule alitenda wema, na mwenzake alilipa kwa uaminifu. Wote wawili walikuwa watu wa haki, na bado mjane aliteseka, kwa kukosa karatasi moja. Tusiruhusu wema wa watu wetu ugeuke mtego kwa watoto wao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu wako waliotia sahihi ya kudhamini bila kubaki na nakala? Tuwasaidieje kuipata?

2. Je, mimi niliyedhaminiwa na kumaliza deni, nimehakikisha kwamba mdhamini wangu amefunguliwa kwa maandishi?

3. Chama chetu cha akiba na mikopo kinawapa wadhamini nini siku ya kutia sahihi na siku ya kumaliza deni? Nani atalipeleka jambo hili katika mkutano mkuu ujao?